MUHURI WA MWENYEKITI SI HATI! Vijana mnauziwa mbuzi kwenye gunia Handeni na Korogwe

HIVI vijana mnajua kwamba palikuwa na wakati katika nchi hii ambapo kuwa na nyumba ya kupangisha ilikuwa dhambi ya kisiasa? Februari 1967 Azimio la Arusha liliwapiga marufuku viongozi kuwa na nyumba za kupangisha watu. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, serikali ikatunga sheria na kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wananchi wakapiga makofi. Wakaambiwa kwamba mwenye nyumba ni kupe, ananyonya jasho la mpangaji.

Basi ikafika Februari 1991. Wakubwa wale wale wakafunga safari hadi Zanzibar, wakaketi kwenye Halmashauri Kuu ya CCM, wakatoka wakisema sasa RUKSA. Ruksa mishahara miwili, ruksa hisa, ruksa nyumba za kupangisha. Hakuna kabwela wa Manundu wala wa Chanika aliyeitwa kuulizwa. Haikutosha. Kuanzia mwaka 2002 serikali ya awamu ya tatu ikaanza kuwauzia watumishi wake maelfu ya nyumba za serikali, nyumba zilizojengwa kwa jasho la wote. Kupe wa jana akageuka mwekezaji wa leo!

Makala haya hayamkatazi kijana kuwa na nyumba ya kupangisha. La hasha! Kama ruksa ilitolewa, ni ruksa ya wote. Tunachosema ni kimoja tu, nacho mkishike: wakubwa walipojifungulia mlango huo waliingia na HATI mkononi. Wewe muuza mitumba wa Manzese, wewe dereva wa bodaboda wa Tanga, unaingizwa mlango huo huo ukiwa na kipande cha karatasi chenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Siku ya kesi, yule ana hati. Wewe una nini?

WIMBO WA DALALI

Siku hizi ukikaa kijiwe chochote cha Dar es Salaam utausikia wimbo huu. Viwanja vya Dar vimepanda, kanunue Handeni. Kanunue Korogwe. Dalali ana simu yenye picha, ana maneno matamu kama halua, na kila aya ya wimbo wake ina ukweli kidogo ndani. Hapo ndipo hatari ilipo.

Ni kweli lami imefika. Kilomita 65 kutoka Korogwe hadi Handeni na kilomita 54 kutoka Handeni hadi Mkata, ambako zamani magari yalikuwa yakinasa kwenye tope, sasa ni mteremko. Ni kweli Korogwe iko kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na ina reli ya Tanga. Ni kweli wachimbaji wadogo wa dhahabu wapo Handeni. Na ni kweli bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limepangwa kupita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza.

Lakini ndugu yangu, bomba lina wapangaji? Bomba linafukiwa ardhini. Wakati wa ujenzi huja mafundi, hula, hulala, kisha huondoka na kambi yao. Nyumba ya kupangisha inaishi miaka 40, kambi ya mkandarasi inaishi miaka miwili au mitatu. Na anayenunua ardhi ya njia ya bomba akitegemea fidia amechelewa harusi, kwani uthamini una siku yake ya mwisho. Aliyeingia baada ya siku hiyo hana lake.

Mpangaji wa kudumu ni mwenye kipato cha kudumu. Korogwe tafuta karibu na Hospitali ya Magunga, karibu na Chuo cha Ualimu, karibu na stendi na soko la Manundu. Handeni tafuta pale anapoishi mwalimu, nesi, askari na karani wa halmashauri. Usifuate wimbo, fuata mshahara.

MAJI KWANZA, VIGAE BAADAYE

Kila aliyeishi Handeni anajua jambo moja ambalo dalali hatalitaja. Maji! Mji ule umehangaika na kiu tangu enzi za wazee wetu. Ndiyo maana mabomba yakavutwa kutoka upande wa Mto Pangani kuja Handeni miaka ya 1970. Juni 2022 serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka India, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Saini si maji. Maji ni yale yanayotoka bombani unapofungua koki.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya kiwanja, gonga nyumba tatu za jirani. Uliza maji hutoka siku ngapi kwa wiki. Uliza ndoo ni shilingi ngapi wakati wa kiangazi. Chumba kisicho na vigae lakini chenye tangi la maji uani kitapata mpangaji Handeni kabla ya chumba cha vigae kilichokauka. Kijana anayemaliza fedha zake kwenye geti la urembo na kusahau kisima au tangi amejenga kaburi la fedha zake.

MWENYEKITI NA ASILIMIA 10

Sasa tuje kwenye uozo wenyewe. Mmepatana bei na muuzaji. Mnakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Anatoa daftari, anatoa muhuri, anasema "asilimia kumi ya ofisi". Kiwanja cha milioni tatu, laki tatu zinaingia mfukoni, mara nyingine bila risiti. Unapigiwa muhuri pwaa! Unatoka ukijiona mwenye mali.

Tuulizane. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inampa mwenyekiti asilimia 10 kifungu gani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 je? HAKUNA. Zisome mwanzo hadi mwisho, hutakiona. Serikali yenyewe imeshakemea jambo hili zaidi ya mara moja, na wenyeviti wanaendelea. Mwenyekiti anaweza kuwa shahidi kwamba anamfahamu muuzaji, basi. Muhuri wake hauzai hati, hauthibitishi mipaka, haumzuii muuzaji yule yule kuuza kiwanja kile kile kwa watu watatu, kila mmoja na muhuri wake!

Na mwenyekiti huyo anamwogopa nani? Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao kuenguliwa kwa wingi. Novemba 2024 CCM ikatangazwa kunyakua karibu asilimia 99 ya nafasi za wenyeviti. Mtu asiye na mpinzani hana wa kumuuliza daftari la mauzo. Wanaosema siasa haihusiani na kiwanja chako wanakudanganya mchana kweupe.

ULIZA: NI MTAA AU NI KIJIJI?

Swali la kwanza la mnunuzi mwenye akili si bei. Ni hili: ardhi hii ni ya mtaa wa mji, au ni ardhi ya kijiji? Handeni na Korogwe mji na kijiji vimepakana kama vidole.

Kama ni ardhi ya kijiji, mwenye mamlaka ni halmashauri ya kijiji yenye kikao na muhtasari. Mwenyekiti peke yake hatoshi. Mtendaji peke yake hatoshi. Mahakama ya Rufani, ikiketi huko huko Tanga, ilishasema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji hayana nguvu. Ukinunua dirishani kwa mwenyekiti umenunua hewa. Taka nakala ya muhtasari wa kikao, wenye majina na saini za wajumbe. Kama kipo cheti cha hatimiliki ya kimila, kione kwa macho yako.

Kama ni mjini, njia salama kuliko zote ni viwanja vilivyopimwa na halmashauri ya mji yenyewe. Unalipa serikalini kwa namba ya malipo, si mkononi mwa afisa, na unabaki na risiti. Kama unanunua kwa mtu mwenye hati, usiridhike na karatasi anayokuonyesha. Hati za bandia zipo. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, na ya kwenu iko Tanga mjini. Upekuzi utakuambia jina la mmiliki, na kama benki imeweka mkono wake hapo. Uliza pia deni la kodi ya ardhi ya kila mwaka, maana ukinunua kiwanja umenunua na madeni yake.

Leseni ya makazi nayo si hati. Ni ya muda mfupi. Ni bora kuliko muhuri, lakini usilipie bei ya hati.

WATU WA KUOGOPA

Mwogope mrithi mmoja wa watu saba. Kiwanja cha marehemu hakiuzwi na kaka mkubwa kwa sababu tu yeye ndiye mwenye sauti. Kinauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Taka barua ya mahakama.

Mwogope mume anayeuza usiku. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya wanandoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwite mke, akae, asikie bei, atie saini. Akikataa, rudisha fedha zako mfukoni uondoke.

Mwogope anayekuuzia ndani ya shamba la mkonge. Mji wa Korogwe umezungukwa na mashamba hayo, Magunga, Ngombezi na mengine. Mzee aliyekata mkonge miaka 30 na kulala kambini ana haki yake, tena tunamtetea, lakini kulala kambini si kumiliki shamba. Atakuuzia kwa nia njema, na mwenye hati atakuja na greda.

Iogope alama ya X. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Mto una mita 60, ndivyo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyosema, na Mto Pangani ukifurika hausomi mkataba wa mtu. Reli ina hifadhi yake. Nyaya kubwa za umeme zinazotoka Hale zina njia yake. Kiwanja cha bei chee kando ya barabara mara nyingi ni chee kwa sababu hiyo. Beba futi kamba, pima mwenyewe!

FUNZO LA MSOMERA

Anayedhani tunatisha watu bure aende Msomera, wilayani Handeni. Kuanzia Juni 2022 serikali ilihamishia huko familia za Wamasai kutoka Ngorongoro, ikazijengea nyumba na kuzipa maeneo ya kulima. Baadhi ya wenyeji waliokuwa wakilima na kuchunga pale walilalamika kwamba ardhi yao imegawiwa wengine. Mashirika ya haki za binadamu yaliyaandika malalamiko hayo.

Hapa hatugombani na Mmasai, naye kang'olewa kwao. Tunasema hivi: kama mtu aliyezaliwa juu ya ardhi, na babu yake kazikwa hapo hapo, anaweza kusukumwa kando kwa sababu hana karatasi, wewe uliyeshuka juzi kwenye basi na muhuri wa mwenyekiti utasimamia nini? Katika nchi hii ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Wewe unapewa haki ya kuitumia tu, kwa miaka isiyozidi 99. Haki hiyo bila maandishi ni moshi.

HESABU KABLA YA TOFALI

Sasa chukua kalamu. Huu ni mfano tu, weka bei za mtaa wako. Tuseme kiwanja na ujenzi wa vyumba sita vimekula milioni 18, na kila chumba unapangisha shilingi 30,000 kwa mwezi. Dalali atapiga hesabu hivi: 180,000 kwa mwezi, 2,160,000 kwa mwaka, baada ya miaka minane fedha zako zimerudi. Hongera!

Sasa piga ya kwako. Vyumba viwili vikikaa wazi miezi miwili kwa mwaka, toa 120,000. Kodi ya mapato ya pango, tukiweka asilimia 10, toa 204,000. Kodi ya jengo toa 18,000. Bati limevuja, choo kimejaa, kitasa kimevunjika, weka 200,000. Inabaki 1,618,000. Miaka minane imekuwa kumi na moja. Na kama fedha za kujengea umezichukua kwa wale wa kausha damu, wanaodai kila wiki, nyumba itakuwa yao kabla bati halijapata kutu.

Kwa hiyo jenga kwa fedha yako, vyumba viwili kwanza, vipangishe, kisha ongeza. Ila soma masharti ya hati, kwani ukipewa kiwanja kilichopimwa unatakiwa kukiendeleza ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida miezi 36, na kwa kibali cha ujenzi.

USIGEUKE NYAPARA

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ile ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji kaachwa kama kifaranga mbele ya mwewe. Anadaiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kunyoosha kidole. Wewe msomaji umeyaonja Buguruni na Tandale. Ukipata vyumba vyako Korogwe utayarudia?

Mwenye akili hayarudii, hata kwa faida yake mwenyewe. Mwalimu analipwa kwa mwezi. Ukimtaka ya mwaka atakopa, atazidiwa, atahama usiku na balbu zako. Mtoze ya miezi mitatu, mwandikie mkataba, mpe risiti. Andika mita ya LUKU ni ya nani, maji nani analipa, notisi ni ya muda gani. Sheria ya Ardhi inakutaka umwache mpangaji akae kwa amani, na paa na kuta kuu ni mzigo wako, si wake. Kumtolea mtu mlango kwa sababu kachelewesha kodi ni uhuni na ni kesi. Baraza la Kata tangu mwaka 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Ugomvi ukizidi mtakutana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko anasikilizwa mwenye maandishi.

Na hiyo LUKU ina kichekesho chake. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, kwanza 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Basi mlalahoi anamlipia tajiri wake! Tena jumba la kigogo lisilo na ghorofa, lenye bustani na mbwa watatu, linalipa 1,500 sawasawa na kibanda chako cha Chanika. Huu ndio usawa waliotubakishia baada ya Azimio. Wewe usifuate mkumbo, mkatie mpangaji wako fedha hiyo kwenye kodi yake.

TUNATAKA NINI?

Tunataka halmashauri za miji ya Handeni na Korogwe zipime viwanja na kuviuza kwa bei ambayo kijana asiye na mjomba ofisini anaweza kuifikia, na majina ya waliopata yabandikwe ukutani. Tunataka asilimia 10 ya wenyeviti ikomeshwe kwa kesi mahakamani, si kwa hotuba. Tunataka mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu. Na tunataka sheria inayomlinda mpangaji, maana waliofuta ile ya zamani hawajapata kupanga chumba maishani mwao.

Lakini usikae kijiweni ukingoja wakupe. Hudhuria mkutano wa mtaa, uliza daftari. Nenda ofisi ya ardhi kabla ya kwenda kwa dalali. Wakikushangaa, eti kabwela kama wewe unataka hati ya nini, waulize wao waliitaka ya nini walipotoka Zanzibar mwaka 1991.